Vijitabu vya vita, na gomesi niliyoirudisha

Mimi ni fundi cherehani hapa Busia, upande wa Uganda. Naandika haya kwa sababu nimechoka kusikia Wakristo wakiambiana, "Soma chochote cha kiroho, kitakujenga." Mimi kilinibomoa, na aliyeumia zaidi ni jirani yangu anayeuza maziwa.

Nilikuwa nanunua vijitabu vya maombi ya vita sokoni, kimoja elfu mbili, kingine elfu tatu hivi. Vyote vilihusu maadui: namna ya kumtambua mchawi katika ukoo, ishara za laana nyumbani, vitu ambavyo adui hupitishia mkosi. Asubuhi nikifungua simu, kwenye grupu la WhatsApp nakuta ndoto za watu na maonyo. Katika kikundi chetu cha maombi hakuna aliyesoma kunishinda. Usingizi nao ulikuwa umenikimbia.

Kisha mzee mmoja wa kanisa akanishauri nimalize Biblia nzima kwa mwaka. Sura 1,189, yaani zaidi ya tatu kila siku. Nikakimbia nazo, naweka alama tu kwa kalamu, mpaka Walawi 13, penye vazi lenye pigo: alama ya kijani au nyekundu, kuhani alikague, na pigo likienea lichomwe moto. Sura yenyewe haina kosa. Ila macho niliyoisomea yalikuwa ya vile vijitabu.

Juma hilohilo mama wa maziwa akaniletea gomesi yake, lile gauni refu la heshima la wanawake wa Uganda, bega limefumuka, anataka kuivaa kwenye kwanjula ya binti yake, yaani sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi. Karibu na vile vifungo viwili vya shingoni palikuwa na doa la kijani. Nikaikunja upesi nikamrudishia. Nikamwambia nina kazi nyingi, na cherehani imetulia mbele yake, haina hata kitambaa. Maziwa yake pia nikaacha kununua.

Aliyenishtua ni jjajja wa mume wangu, Muganda. Kwao kwenda kanisani huitwa okusoma, na Wakristo wa kwanza wa Buganda waliitwa abasomi, wasomaji. Alinikumbusha kwamba watu wale, ambao wengine wao walichomwa moto kwa ajili ya imani yao huko Namugongo tarehe 3 Juni 1886, walikuwa na maandiko machache tu, mengine ya Kiswahili, maana Biblia nzima ya Kiganda ilitoka 1896. "Walisoma kidogo, mjukuu wangu, wakamjua Yesu. Wewe wiki hii umesoma nini kinachomhusu yeye?" Nikakosa jibu.

Vijitabu nikawashia sigiri, grupu nikatoka. Nikachagua Marko, sura 16 tu. Nikakata boksi la mashati vipande vya ukubwa wa kiganja, nikawa naandika mistari michache kwa mkono, kipande kimoja kwa siku, nakibana ukutani juu ya cherehani. Kila nikibadilisha uzi, nasoma. Uzi mweupe, nasoma. Uzi mweusi, nasoma tena. Jaribuni kuandika kwa mkono, ndugu zangu. Jicho huruka maneno, mkono hauruki. Na kitabu chochote mnachosoma, jiangalieni mkishakifunga: jirani akipita mlangoni mnamwonaje?

Siku ya sura ya tano ilikuwa zamu ya yule mwanamke aliyetokwa damu miaka kumi na miwili. Kwa Walawi hiyohiyo alikuwa najisi, na akaligusa vazi la Yesu. Yesu hakulivuta vazi lake. Alimwita binti. Nilikuwa nashona sare ya shule. Nikaondoa mguu kwenye pedali, nikakaa hivyo muda mrefu.

Jioni nikaenda kwa mama wa maziwa. Kwanjula ilikuwa imeshapita, na alikuwa amevaa gomesi ya kuazima. Nikamweleza yote, hata habari ya doa. Akanyamaza, akaingia ndani, akaitoa ile gomesi.

"Hii ni rangi ya mlango, mama," akasema. "Tulikuwa tunapaka nyumba kwa ajili ya wageni."

Usiku ule nililishona bega bila malipo. Doa nikalisugua kwa pamba na mafuta ya taa, polepole, nisiharibu kitambaa. Limetoka karibu lote. Limebaki kidogo tu, chini ya kifungo.