Nani Atalipwa Kufungua Mlango?

Nilikuwa na saiba ndogo pale Chavakali, kaunti ya Vihiga, magharibi mwa Kenya, kompyuta chache na printa moja iliyopenda kumeza karatasi, na hapo ndipo nilipojua kwamba maktaba huombwa mwezi wa Agosti. Kijana mmoja wa kazi za kandarasi aliniletea flashi nimchapishie mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti. Kurasa zilikuwa nyingi, printa inakwenda polepole, nikawa nasoma zikitoka. Barabara za mashinani, chemchemi za kukarabatiwa, madarasa ya chekechea, kila kitu na wadi yake. Nikamuuliza mbona hamna maktaba hata moja. Alinijibu bila kuinua macho kwenye simu: "Mliomba?"

Sisi tulikuwa tukichanga pesa za kujenga maktaba. Kamati yetu ilifuata njia tuliyoirithi kwa wazazi: kadi za harambee, mgeni wa heshima, jogoo wa kupigwa mnada watu wakishashiba. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu aliyenifundisha darasa la sita, na hadi leo nikimwona natoa mikono mifukoni. Mweka hazina alikuwa Senje, yaani shangazi, muuza omena wa sokoni, ambaye tulimwita hivyo sote hata tusio wa ukoo wake. Mimi nilikuwa katibu kwa sababu nilikuwa na printa.

Haja ya maktaba haikuhitaji kuelezwa. Likizo ya Agosti watoto wa sekondari walijaa kwenye veranda yangu kwa ajili ya taa, maana nyumbani wanalala wengi chumba kimoja na mafuta ya taa hupimwa. Anayetaka maktaba ya kweli hupanda matatu kwenda Kakamega au Kisumu, zilipo zile zilizoanzishwa na Huduma ya Maktaba ya Taifa, iliyoundwa kwa sheria ya 1965. Nauli ya kwenda na kurudi kwa mtoto wa kidato cha pili ni mboga ya siku mbili.

Tulikuwa tumebisha milango mingine. Ofisi ya mfuko wa maendeleo wa eneo bunge ilitupokea kwa heshima ikatuonyesha sheria ya 2015: fedha zile ni za kazi za serikali ya kitaifa, na Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, iliziweka maktaba mikononi mwa kaunti, katika orodha moja na makumbusho, michezo na leseni za pombe. Mwalimu alicheka sana kusikia maktaba na baa zimewekwa fungu moja. Halafu kulikuwa na suala la ardhi. Vihiga ina zaidi ya watu 1,000 katika kila kilomita ya mraba, na shamba la mtu ni migomba, ng'ombe mmoja na makaburi ya wazee wake. Mzee mmoja alikuwa ametuahidi kipembe kando ya barabara, kwa moyo mweupe kabisa. Hatimiliki ilikuwa bado kwa jina la marehemu baba yake, ndugu ni wengi, kesi ya mirathi haijafunguliwa. Kaunti haiwezi kujenga kwenye shamba la marehemu.

Basi Agosti ile ya 2018 tukaenda kwenye kikao cha maoni cha wadi, katika kanisa la Friends, yaani Quaker. Mpango wa mwaka lazima ufike bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na kisichokuwa ndani yake hakipati fedha Julai inayofuata. Kwa hiyo tulikuwa tukiombea 2019. Nilikuwa nimechapa waraka wa kurasa mbili, fotokopi za kutosha, kila moja na sahihi za kamati.

Mwalimu alikuja na kitu kingine: mchoro. Aliuchora mwenyewe kwenye karatasi ya manila, kwa rula na penseli za rangi. Jengo la pekee, paa jekundu, veranda ndefu yenye mabenchi, chumba cha watoto upande wa mashariki ili wapate jua la asubuhi, hata mti wa kivuli aliutia majani moja moja. Aliuviringisha ndani ya karatasi ya nailoni kwa sababu ya mvua, na hakumruhusu mtu kumshikia.

Kikao chenyewe kilianza saa tano badala ya saa tatu. Watu wa bodaboda walitaka kibanda cha kujikinga mvua. Akina mama wa upande wa bondeni walitaka chemchemi mbili zijengewe saruji, na walikuwa na haki, maana mtoto alikuwa ameteleza pale akavunjika mkono. Kila ombi lilipigiwa makofi na waliolileta tu. Zamu yetu ilipofika, Mwalimu akafungua manila yake, vijana wawili wakashika ncha, akaeleza veranda, jua la asubuhi, mti. Ukumbi ulinyamaza kwa namna nzuri. Nilidhani tumepita.

Hapo Senje akainua mkono. Mtu wa kamati yetu wenyewe! Nikamkonyeza aketi, akanipuuza.

"Mirembe, watu wangu," akasalimu. "Nyumba mtajenga, mimi sina shaka," akaendelea. "Mkishajenga, nani ataamka asubuhi kuifungua, na huyo mtu atakula nini?"

Watu wakacheka. Afisa wa bajeti wa kaunti hakucheka. Alivua miwani, akamwomba Senje arudie, kisha akatueleza jambo ambalo sijawahi kulisikia likielezwa vizuri vile. Fedha za kaunti zina mafungu mawili. Jengo ni maendeleo, na sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende huko, kwa hiyo kila mtu hutafuta kitu cha kujenga. Mshahara wa mhudumu, stima, magazeti, vitabu vipya kila mwaka, hayo ni matumizi ya kawaida, na kanuni za 2015 zinaibana mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Kujengewa ni rahisi kuliko kuajiriwa mtu. "Mama ameuliza swali la hazina," akasema. "Jengo lenye kufuli nitawapa. Mtu wa kulifungua, hilo tuzungumze."

Tangu siku ile, nikiona jengo jipya la umma limepakwa rangi, huuliza nani analipwa ndani yake. Wengine huniona mkorofi.

Mjadala ulihamia kwenye chuo cha ufundi cha wadi. Mkufunzi mmoja alikuwepo, akasema wana chumba cha zamani cha useremala ambacho sasa kimejaa viti vibovu. Ardhi ni ya umma, bawabu yupo, bili ya stima inalipwa tayari, choo kipo. Kwa pesa ya kuchimba msingi wa jengo la Mwalimu, chumba kile kingepata dari, madirisha, rafu na meza. Ungeona jinsi hesabu ilivyokwenda haraka! Hata watu wa boda wakaunga mkono, maana kilichobaki kingetosha kibanda.

Mwalimu alikuwa amesimama muda wote huo, manila imeshashushwa. Nilimwonea huruma, nikamwandalia kiti, akakikataa. Alibishana kidogo: chuo kina kelele za randa na nyundo, mtoto wa darasa la nne ataogopa kuingia kati ya vijana wa ufundi. Akajibiwa kwamba mlango utatobolewa upande wa barabara. Akanyamaza. Kisha akamuuliza mkufunzi dirisha la chumba kile linaelekea wapi.

"Mashariki, Mwalimu."

"Basi rafu za watoto ziwe hapo. Na zisipite kifua cha mtoto."

Nikaandika hivyo kwenye kumbukumbu za kikao. Senje alinisimamia begani akaniamuru niandike mhudumu kwanza, jengo baadaye. Afisa akaongeza kwamba ombi la mhudumu tulipeleke kwa maandishi kabla ya Februari, wakati mkakati wa fedha wa kaunti unapotayarishwa, tusingoje bajeti isomwe.

Ombi la chumba lilipita. Fedha za harambee, badala ya matofali, zilinunua vitabu na kumlipa binti mmoja wa mtaani posho, hadi chuo kilipomchukua kwa mkataba. Mwalimu alijifundisha kupanga vitabu kwa namba za Dewey, akagundua kuwa fasihi ya Kiswahili ni 896.392, namba ndefu kuliko mgongo wa riwaya nyembamba, ikabidi vibandiko vigeuzwe ubavu. Tulifungua Januari 2020. Machi shule zikafungwa kwa sababu ya korona, na sisi tukafunga. Vitabu vilivyokuwa vimeazimwa vilikaa nje hadi mwaka uliofuata, na vingi vilirudi, vingine na alama za ugali.

Ugomvi uliodumu ni wa saa za kufungua. Mhudumu wetu ni Msabato, Jumamosi hafanyi kazi, na Jumamosi ndiyo siku watoto wako huru. Akapendekeza afungue Jumapili alasiri. Wazee wa Friends, ambao kanisa lao liko Kaimosi tangu 1902 na wamejenga nusu ya shule za hapa, wakasema Jumapili ni ya ibada. Kamati ilikutana juu ya jambo hilo kwa muda mrefu kuliko ilivyokutana juu ya fedha. Mwishowe Senje akauliza ibada huisha saa ngapi, akaambiwa saa saba. Sasa tunafungua saa nane.