Mwiba wa 1420.000: wiki tatu, na mwisho nimeukamata

Usiku wa kuamkia leo mwiba umekufa, ile ishara ya redio iliyokuwa ikining'ang'ania ninaposikiliza mawimbi ya angani. Naandika kabla sijalala.

Mnaofuatilia tangu pembe ya kwanza, antena yangu ya debe, mnaujua. Kila baada ya Isha, juu ya paa langu hapa Majengo, Mombasa, katikati ya spektra (mchoro wa nguvu ya mawimbi kwa kila masafa) huchomoza mwiba mwembamba kwenye 1420.000 MHz. Wimbi la gesi ya hidrojeni ya angani liko hapo jirani tu, 1420.405, pale pale ambapo wanafizikia Cocconi na Morrison mwaka 1959 walisema viumbe wenye akili huenda wakatuitia. Usiku wa kwanza moyo ulinienda mbio, sikatai.

Lakini haukusogea. Dunia inazunguka, nasi tuko digrii 4 tu kusini ya ikweta. Wimbi la kutoka nyota za mbali likipita utosini, masafa yake lazima yateleze, kama hezi 0.16 kila sekunde. Huu ulisimama kama mlingoti. Nikaigeuza pembe ikatazama sakafu: upo. Nikazima meni suichi, laptopu ikabaki na betri: upo. Nikabadilisha kebo, nikasugua koneka zilizoliwa na chumvi ya bahari: upo! Filta mpya, inayopitisha masafa machache tu, nayo haikufaa kitu, maana haiwezi kuchuja kilichomo ndani ya dirisha lake lenyewe. (Hata hivyo nashikilia: nunua filta nzuri kabla ya kipokezi ghali.)

Kilichonizindua ni namba yenyewe. 1420 kamili. Megahezi 20 mara 71! Nyota hazihesabu kwa megahezi zetu. Fuwele ya saa ndani ya kifaa cha umeme ndiyo inayohesabu hivyo. Nikashuka ngazi na kipokezi na kipande cha waya, mwiba ukizidi kunenepa, hadi mlangoni kwa mama wa chini. Ruta mpya, iko dirishani, huwashwa watoto wakirudi chuoni.

"Mama, naomba niizime nusu saa."

"Zima mwanangu, hawa washalala."

Nikapanda mbio. Mwiba hakuna. Na baada ya dakika ishirini za kujumlisha vipimo, pale palipokuwa na kelele tupu pakainuka kilima kipana, laini: hidrojeni ya Njia Nyeupe. Nimekitazama mpaka macho yakaniuma.

Nilisema hatua ijayo ni mota, pembe iifuate nyota Tau Ceti kama mwanaastronomia Frank Drake alivyofanya Green Bank, Marekani, mwaka 1960. Mota isubiri. Darubini ya redio Big Ear kule Ohio, Marekani, ilikuwa na pembe mbili zilizopita anga lile lile zikipishana dakika chache, na ile ishara maarufu ya "Wow!" ya sekunde 72, Agosti 1977, ambayo chanzo chake hakijulikani, ilionekana kwenye moja tu. Mimi nataka zangu zitazame pamoja, lakini ng'ambo mbili za maji: moja hapa, nyingine kwa binamu yangu Likoni. Ruta ya Majengo haitafika kule. Kitakachoonekana pande zote mbili kwa dakika ile ile, tena kinateleza, hicho nitakikalia macho.

Debe la pili nishalikata. Jumamosi navuka nalo feri.