Dakika 15 za mkono: siku yangu moja na seli za masti, Moshi

Saa 11:10 alfajiri

Kikohozi kinaniamsha kabla ya simu. Mdogo wangu, yuko kidato cha tatu, analala chumba cha pili hapa nyumbani Njoro. Mwezi huu wa saba, ukungu ukishuka kutoka mlimani, kifua chake huanza kupiga filimbi kabla ya adhana. Namkuta ameketi kitandani, mabega yamepanda. Nachomeka pampu ya bluu, ile ya kufungua kifua haraka, kwenye tundu nililotoboa kitakoni mwa chupa ya maji ya nusu lita, yeye anabana mdomo wa chupa kwa midomo yake. Nabonyeza mara moja, anavuta pumzi taratibu. Tunangoja kidogo, nabonyeza tena.

Wazo la chupa hiyo si langu. Mwaka 1999 madaktari wa watoto wa Cape Town walichapisha utafiti walioufanya kwa watoto waliobanwa na pumu, wakaonyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, ikitobolewa na kuzibwa vizuri pembeni mwa pampu, inafanya kazi sawa na kile chombo cha dukani kinachowekwa kati ya pampu na mdomo. Mama yeyote anayesoma hapa na hana hela ya chombo cha dukani, chupa anayo.

Baada ya dakika kumi mabega yameshuka. Namuuliza kuhusu pampu ya kahawia, ile ya kila siku. Ananyamaza. Nimeshajua.

Saa 2:00 asubuhi

Kazi yangu ni ya maabara, katika kliniki ya kifua na mzio (aleji). Kitu cha kwanza, hata kabla ya chai, ni sinia ya dharura: adrenalini ya miligramu 1 kwa mililita, sindano, oksijeni, kifaa cha shinikizo la damu. Kipimo cha kuchoma ngozi, cha kutafuta mzio, ni salama sana, lakini tunampa mtu kwa makusudi kitu ambacho mwili wake unakichukia, na mwili ukiamua kulipuka wote kwa pamoja hakuna nafasi ya kutafuta funguo za kabati. Mtu mzima hupewa nusu miligramu ya adrenalini, kwenye msuli wa paja, papo hapo. Dawa nyingine zote zinafuata nyuma.

Kisha natoa vichupa kwenye friji: utitiri wa vumbi, utitiri wa ghalani, mende, paka, chavua ya nyasi. Kisha viwili zaidi, na hivyo ndivyo vinavyonilinda nisidanganyike. Maji ya chumvi, ambayo hayatakiwi kufanya chochote, na histamini yenyewe, kemikali ambayo mwili humwaga mzio unapoanza, miligramu 10 kwa mililita, ambayo lazima ivimbishe.

Saa 3:15 asubuhi

Wa kwanza ni baba mmoja mwenye mashine ya kusaga huko Pasua. Mahindi mapya yameanza kuingia, kwa hiyo siku hizi anasaga tangu asubuhi. Namwamkia, ananiitikia "marahaba mwanangu" huku akikunja mkono wa shati, na hapo hapo ananieleza kinachomkera.

"Mashine nafunga saa 10 jioni. Naoga, nabadilisha nguo. Kifua kinanibana saa 3 usiku. Sasa huo unga unanifuata mpaka kitandani? Mimi nasema ni baridi tu."

Nampenda mgonjwa anayebishana kwa hoja. Nachora alama kwa kalamu kwenye mkono, nadondosha tone moja moja, nachoma kila tone kwa lanseti mpya, kisindano kifupi, kiasi cha kukwaruza tu bila kutoa damu. Saa 3:20. Halafu tunasubiri dakika 15, na dakika hizo 15 ndizo ninazozipenda kuliko zote katika kazi hii.

Chini ya ngozi yake, na vilevile chini ya utando wa njia za hewa kifuani, kuna seli za masti. Hazizunguki na damu. Zimekaa kando ya mishipa ya damu na ya fahamu, pale mwili unapokutana na dunia: ngozi, pua, mapafu, utumbo. Kila moja imejaa vifuko vidogo vya histamini iliyokwisha tengenezwa. Juu yake zimejipachika kingamwili za aina iitwayo IgE, na kwa mtu wa ghala la mahindi namwambia hivi: ni mitego ya panya, imetegwa miaka na miaka, kila mmoja kwa panya wake. Chembe ya utitiri ikinasa kwenye mitego miwili iliyo jirani kwa wakati mmoja, mlango unafunguka na vifuko vinamwagwa nje.

Dakika ya nne anaanza kujikuna. Histamini imegusa mishipa ya fahamu. Dakika ya nane ngozi imeinuka kama aliyeumwa na mbu mkubwa, kwa sababu mishipa midogo ya damu imelegea na kuvujisha maji. Vitabu vingi vinasema utafute wekundu. Kwenye ngozi zetu wekundu hauonekani hivyo, na wapo wagonjwa waliorudishwa nyumbani wakiambiwa hawana mzio kwa sababu mpimaji alitafuta rangi. Mimi nainamisha taa ije kwa ubavu, napitisha ncha ya kidole, nazungushia kalamu pale kidole kinapokwea kilima.

Saa 3:35. Maji ya chumvi: sifuri. Histamini: milimita 5. Utitiri wa ghalani: 8. Mende: 4. Chochote kinachozidi maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi tunakihesabu kuwa ni mzio wa kitu hicho, ilimradi kinaendana na maelezo ya mgonjwa.

"Basi ndiyo hivyo na kifuani," namwambia. "Ila kule kuna msuli unaozunguka njia ya hewa, nao unakaza."

Anautazama mkono. "Hii imekuja kwa dakika 15. Mimi nabanwa saa 3 usiku."

Namjibu kwamba histamini ni ya kwanza tu kufika. Seli ile ile, ndani ya dakika chache, inaanza kupika vitu vipya, lukotraini mojawapo, ambazo kwa kukaza njia za hewa zina nguvu hadi mara 1,000 kuliko histamini. Ndiyo maana vidonge vya mzio vinavyozuia histamini humpunguzia mtu mafua ya chavua na mwasho, lakini pumu haivisikilizi. Na pamoja na hayo seli inatuma wito: seli nyingine za kinga zinaitwa kutoka kwenye damu, zinafika baada ya saa 4 mpaka 8, zinavimbisha njia za hewa upya. Pampu ya bluu inalegeza msuli. Uvimbe haiugusi. Uvimbe unashushwa na ile ya kahawia, polepole, siku kwa siku. Mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, tangu mwaka 2019 hautaki tena mtu atibiwe kwa bluu peke yake.

Anatikisa kichwa kwa adabu. Najua hajashawishika. Daktari anamwandikia ya kahawia, namwonyesha kuvuta na kusukutua mdomo. Namwachia namba ya simu ya kliniki, na kumwambia kwamba kwa baadhi ya watu mkono huvimba tena jioni, asiogope, ila atupigie.

Saa 4:30 asubuhi

Kijana ametoka Tarakea na gari la kwanza. Nachoma, nasubiri, na pale penye histamini yenyewe hakuna kitu. Mkono laini kabisa. Histamini isipovimbisha, hakuna jibu lolote la mkono huo la kuaminika.

Nilimwambia kwa simu aache dawa za mzio kwa wiki moja. Aliacha. Lakini juzi alipata mafua akanunua vidonge vya mafua duka la dawa, na ndani yake mna klofeniramini, ambayo ni dawa ya mzio kwa jina lingine. Kosa ni langu, sikuuliza. Nauli ya kwenda na kurudi, siku ya kibarua, vyote vimekwenda. Nimemwomba radhi, nikampangia tarehe nyingine. Kuanzia leo simuulizi mtu kama anatumia dawa za mzio. Namwambia anisomee kila kidonge alichomeza, hata cha mafua, hata cha usingizi.

Saa 7:30 mchana

Nimekula ndizi nyama haraka, nimerudi kwenye hadubini. Tuna mwanafunzi wa mazoezi, na leo nilimwahidi aione seli yenyewe. Kipande cha ngozi, rangi ya toluidini ya bluu. Anainama, ananyanyuka. "Dada, mbona ni zambarau?"

Hapo ndipo utamu wake. Rangi ni ya bluu, kila kitu kwenye kioo ni bluu, ila vifuko vya seli za masti vinaigeuza kuwa zambarau. Aliyeligundua hilo ni Paul Ehrlich, Mjerumani, akiwa bado mwanafunzi, katika tasnifu yake ya 1878. Aliona seli zimejaa namna ile akadhani zimelishwa kupita kiasi, akazipa jina kutoka neno la Kijerumani la kunenepesha. Nikamwambia mwanafunzi: kama ng'ombe wa ndani kule Kibosho, anayeletewa majani ya migomba bila kutoka zizini. Akacheka, hatasahau.

Lakini Ehrlich hakujua seli hizo zimebeba nini. Henry Dale na Patrick Laidlaw walieleza mwaka 1910 jinsi histamini inavyokaza misuli na kushusha shinikizo la damu, nao hawakujua inakaa wapi. Mpaka 1953, huko Dundee, Uskoti, James Riley na Geoffrey West walipoonyesha kwamba imo ndani ya vifuko hivyo hivyo vya zambarau. Miaka 75! Na mtego wenyewe, IgE, ulipatikana mwaka 1966 na mke na mume, Teruko na Kimishige Ishizaka, waliojaribu vimiminika walivyovitayarisha kwenye ngozi zao wenyewe. Nikikumbuka hilo nachoma mikono ya watu kwa heshima zaidi.

Saa 9:00 alasiri

Majibu ya damu. Mtoto wa miaka 6 kutoka vijiji vya tambarare, jumla ya IgE yake iko juu sana, lakini ngozi yake asubuhi haikuvimba popote isipokuwa kwenye histamini. Naandika pembeni kwa daktari: tafadhali choo kipimwe minyoo kwanza. Minyoo hupandisha IgE bila mtoto kuwa na mzio wowote. Namba peke yake ingempa mtoto huyu ugonjwa asiokuwa nao, na mama yake angeuza paka na kuchoma godoro bure.

Saa 11:50 jioni

Ukungu umeachia kidogo, Kibo imejitokeza robo. Nafunga friji, simu ya kliniki inalia. Ni baba wa mashine.

"Mwanangu, mkono umevimba tena. Pale pale. Kilima kile cha asubuhi kilishapotea saa 5, sasa hivi pamekuja kitu kipana, kinauma kidogo."

Namuuliza kama anahema vizuri, kama midomo au macho yamevimba, kama ana vipele sehemu nyingine. Hapana. Namwuliza ni saa ngapi alianza kuuona.

"Saa 10 na nusu. Nimehesabu." Anakaa kimya, nasikia mashine ikizimika nyuma yake. "Ni saa 7 na kitu tangu unichome."

"Ndiyo baba."

"Na mimi leo nimeanza kusaga kwa kuchelewa, saa 6 mchana."

Simjibu. Namsikia akihesabu.

Baadaye ananiambia pampu ya kahawia ameshaivuta, mara mbili, na amesukutua. Namwomba achukue rula ya mtoto anipimie uvimbe. Milimita 34. Nimeandika kwenye faili lake, chini ya zile 8 za asubuhi, nikaondoka kwenda kumsimamia mdogo wangu avute ya kwake.