Kisado Kilichobonyezwa

Juma lililopita nilinunua maharage katika soko moja la hapa Tanga, na muuzaji, mama mtu mzima mwenye kauli nzuri, alinipimia visado viwili huku akihesabu kwa sauti ili nisije nikatilia shaka. Nilipofika nyumbani mke wangu aliyamimina yale maharage katika kisado chetu wenyewe, ambacho amekihifadhi miaka mingi kwa kazi hiyo tu, na vile viwili vikatoa kimoja na robo tatu. Siri ya upungufu huo haimtatizi mtu yeyote aliyezoea soko: kitako cha ile ndoo ndogo hupashwa moto kikabonyezwa kwenda ndani, kisha punje zenyewe zinakifunika. Sikushangaa kwamba nilipunjwa. Kilichonikera ni kwamba kabla ya kuondoka nilimwomba mama yule nyongeza, naye akanitilia konzi moja ya maharage kwa ukarimu mkubwa, nikashukuru na kuondoka nimefurahi, ilhali konzi ile ilikuwa sehemu ya maharage yangu mwenyewe.

Tangu siku ile nimekuwa nikiyatazama maneno tunayoambiana kila siku kana kwamba nayo ni visado. Kila mmoja wetu amekigonga kidogo kitako cha neno lake, na kwa kuwa sote tunajua kwamba wenzetu wamefanya hivyo, tumejifunza kudai nyongeza. Anayeambiwa kwa simu «nipo njiani» anaelewa kwamba msemaji ndiyo kwanza anatafuta taulo. Kadi ya harusi huandikwa saa kumi na mbili jioni kwa sababu kamati inataka watu wafike saa mbili usiku, na wageni nao, wakiijua hesabu hiyo, hufika saa tatu. Mimi niliwahi kwenda saa kumi na mbili kamili, nikiwa na shati lililopigwa pasi na zawadi mkononi, nikakuta vijana wawili wanapanga viti vya plastiki. Wakanisalimu kwa heshima na kunikabidhi upande mmoja wa meza tuibebe.

Lakini mwalimu wangu mkubwa katika jambo hili ni fundi cherehani wangu, ambaye ana kibaraza chake katika mojawapo ya barabara za Ngamiani. Mwaka juzi nilimpelekea kitambaa cha kanzu wiki tatu kabla ya Idi, nikamweleza wazi kwamba naihitaji kwa ajili ya swala ya Idi na si kwa jambo jingine. Alinipima, akaandika, akanipa siku. Siku ilipofika akaniambia nirudi kesho baada ya alasiri. Kesho yake akaniambia kwamba umeme ulikatika, ingawa cherehani yake ni ya kukanyaga kwa miguu na mimi nilikuwa nimesimama karibu yake huku anaikanyaga. Idi nikaiswali na kanzu kuukuu. Nilipokwenda baadaye kuichukua ile mpya sikugomba, kwa sababu fundi huyu ni mtu mwema na mshono wake hauna mfano. Nilimwuliza tu, kwa utulivu, kwa nini hakuniambia ukweli tangu mwanzo.

«Mwalimu,» akanijibu bila kuinua macho, «nikikwambia ukweli kwamba nina nguo arobaini mbele yako, utachukua kitambaa chako umpelekee mwingine. Nikikwambia kesho, kitambaa kinalala hapa. Kikishalala hapa siku tatu, huendi nacho popote.»

Nikamwambia kwamba huo ni udanganyifu. Ndipo aliposimamisha gurudumu kwa kiganja na kunitazama. «Na nyinyi wateja je? Hakuna anayekuja hapa akanitajia siku ya kweli. Mwenye harusi ya Jumapili ananiambia Alhamisi. Kwa hiyo mimi kila siku ninayotajiwa naisogeza mbele siku tatu, na mara nyingi tunakutana vizuri tu.»

«Mimi nilikutajia siku ya kweli.»

«Basi ulijiponza mwenyewe, mwalimu.»

Nimelitafakari jibu hilo kuliko hotuba nyingi nilizowahi kusikiliza. Tumezoea kudhani kwamba hasara ya uongo humwangukia yule aliyedanganywa papo hapo, na kwamba uongo mdogo usiomlenga mtu hauna mhasiriwa. Kumbe mahali ambapo kila mtu ametia chumvi, anayeumia ni yule aliyesema neno lenye uzito wake kamili, kwa kuwa msikilizaji atalipunguza kama anavyoyapunguza mengine, na mwisho naye atalazimika kukibonyeza kitako chake ili asiwe mjinga wa mtaa. Tangu mwaka ule, nami namtajia fundi siku ya uongo. Nguo zangu zinatoka kwa wakati.

Ni kweli kwamba si kila neno lisilolingana na ukweli ni la kuogopwa. Muuzaji wa mikeka anayetaja elfu arobaini na mnunuzi anayejibu kumi na tano hawadanganyani, kwa sababu wote wawili wanajua kwamba wataonana katikati, na anayelipa bei ya kwanza bila neno humharibia muuzaji starehe ya kazi yake. Mgeni anayekaribishwa chakula akasema ameshiba, huku tumbo likimpinga kwa sauti, anamsitiri mwenye nyumba ambaye huenda amepika cha kuwatosha wake tu. Mwenye nyumba naye anayesisitiza kwamba chakula ni kingi anamsitiri mgeni. Dini yenyewe imeacha mlango mdogo, kwa kuwa iko hadithi ya Mtume isemayo kwamba anayesuluhisha baina ya watu kwa kusema la heri hahesabiwi kuwa mwongo. Shida ni kwamba kupitia mlango huo mdogo tumeingiza samani za nyumba nzima, hata mtoto anatumwa mlangoni kumwambia mdai kwamba baba hayupo, naye kwa unyofu wake anasema: «Baba amesema hayupo.» Tunacheka, lakini ukweli ni kwamba siku ile mtoto amefundishwa ufundi, na baada ya mwaka mmoja hatakosea tena.

Wako wataalamu waliojaribu kuupima uongo wa kila siku kama tunavyopima nafaka. Mwaka 1996 mwanasaikolojia wa Marekani, Bella DePaulo, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti ambamo wanafunzi 77 wa chuo kikuu na watu 70 wa kawaida waliandika katika daftari, kwa wiki moja, kila uongo walioutamka. Wanafunzi walipata wastani wa uongo mara mbili kwa siku, na wale wengine mara moja. Mwaka 2010 watafiti wengine wa huko huko waliwauliza Wamarekani 1,000 kuhusu saa 24 zilizopita, na takriban 60 katika kila 100 wakasema hawakuwa wamedanganya hata mara moja, huku karibu nusu ya uongo wote ukitoka kwa watu 5 katika kila 100. Sitaki kuwa mtovu wa adabu kwa wasomi, ila mtu anayeulizwa kama amedanganya naye anaweza kudanganya. Hata hivyo nadhani picha hiyo ina ukweli, na ndiyo inayoeleza kwa nini tapeli hafi njaa: kwa kuwa wengi wetu tunasema kweli mara nyingi, kuamini ni desturi inayotulipa, na yeye anaishi ndani ya desturi hiyo kama kupe. Macho hayatusaidii. DePaulo na mwenzake, Charles Bond, walipokusanya matokeo ya majaribio mengi mwaka 2006, walikuta kwamba watu hutambua kweli na uongo kwa usahihi wa asilimia 54 tu, yaani wanazidi kidogo tu mtu aliyerusha shilingi hewani. Maziwa yana laktomita ya kufichua maji yaliyoongezwa. Neno halina.

Narudi kidogo sokoni, kwa sababu huko uovu unaonekana wazi zaidi. Mfanyabiashara hupanda milimani Lushoto kununua viazi kwa lumbesa, lile gunia lililofungwa kilemba cha ziada juu ya mdomo wake, ingawa sheria ya vipimo hairuhusu gunia kuzidi kilo 100. Kisha anashuka navyo mjini na kuviuza kwa kisado kilichobonyezwa. Anapopokea hujaza, anapotoa hupunguza. Sura ya 83 ya Qurani inaanza na watu hao hao, wanaotaka kipimo kamili wakipimiwa na kupunja wakipima, nayo hatuisomi kana kwamba inahusu mji mwingine.

Sasa nije kwenye langu. Mke wangu hasomi ninayoyaandika hapa, au ndivyo anavyoniambia.

Siku moja mwishoni mwa mwezi nilipokea ujumbe wa simu: «Ile hela nitumie kwenye namba hii.» Ukaongeza na jina ambalo lingetokea. Ujumbe wa aina hiyo hakuna asiyeujua; hutupwa kwa watu wengi kama nyavu, na wanaonaswa ni wale ambao kwa bahati mbaya siku hiyo walikuwa na hela ya kumtumia mtu. Mimi nilikuwa nimemwahidi mwenye nyumba kodi ya miezi miwili, ambaye ni mzee mwenye kubadili namba za simu kila mara. Jina lililotokea halikuwa lake, lakini ujumbe ulikwisha kuniandaa kwa hilo, nami nikajieleza kwa niaba ya tapeli: pengine ni namba ya mwanawe. Nikatuma shilingi 150,000. Usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao Watanzania walipanga foleni kuukamilisha hadi Januari 2020, haukunifaa kitu, na ile namba 15040, ambayo Mamlaka ya Mawasiliano imetuelekeza tuitumie kupeleka ujumbe wa matapeli, niliikumbuka jioni, hela ikiwa imeshatolewa.

Aliyenidanganya alitumia dakika moja. Mimi nikatumia miezi mitatu. Nilipoulizwa nyumbani zilikokwenda hizo hela, nilishindwa kutamka kwamba mwalimu mzima, anayewaonya wanafunzi wake kila wiki dhidi ya ujumbe huo huo, ameingia mtegoni, na ulimi ukatangulia kusema kwamba nimemkopesha mwalimu mwenzangu aliyeuguliwa na mtoto. Nilimtaja kwa jina. Nilimchagua yeye, naamini, kwa sababu ni mtu mpole ambaye hakuna angemfikiria vibaya.

Nilikosea hata katika hilo. Mwezi wa kwanza mke wangu alimwombea mtoto shifaa. Mwezi wa pili akawa anauliza kama mgonjwa hajapona. Mwezi wa tatu akaanza kumwita «yule rafiki yako», na walipokutana stendi alimwitikia salamu kwa namna ambayo bwana yule alinisimulia kesho yake, akiwa na wasiwasi kwamba pengine amemkosea shemeji yake jambo. Nikamwambia kwamba mama watoto hajisikii vizuri siku hizi. Uongo wa pili, ili kuulinda wa kwanza, na sasa watu wawili wasio na hatia walikuwa wanatazamana kwa jicho la shaka kwa ajili ya stara yangu.

Alikuja kwetu Idi mosi na watoto wake, kama anavyokuja kila mwaka. Mke wangu aliwapa vitumbua na chai, kisha akakaa mbele yake na kuuliza, kwa ile sauti laini ambayo watu wa Tanga tunaiogopa kuliko kelele, kama hali ya fedha huko shuleni imekaaje, maana wengine walikopeshwa na wakasahau. Nilihisi damu imenihama usoni. Bwana yule alimtazama mke wangu, akanitazama mimi, akakaa kimya kwa muda wa kumeza kitumbua kimoja.

«Mniwie radhi sana, shemeji,» akasema. «Inshallah mwezi ujao nitalileta lote.»

Njiani nilipomsindikiza hakuniuliza chochote, nami sikueleza mpaka tulipofika barabarani. Alicheka hata akashika nguzo ya umeme. Mwezi uliofuata nilimkabidhi shilingi 150,000 nilizozikusanya kwa kufundisha masomo ya jioni, akazileta nyumbani ndani ya bahasha, pamoja na fungu la machungwa ya Muheza alilolinunua kwa hela yake. Mke wangu alizihesabu mara mbili, akamsifu kwa uungwana, akamlazimisha abaki kwa chakula cha usiku. Alipoondoka, mama watoto alichomoa noti moja ya elfu kumi katika bahasha ile na kunipa, akisema kwamba nimekuwa mvumilivu na ninastahili kujinunulia kitu. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikamshukuru.