Kuchora kwa udongo wa Dodoma

Anayetaka kuchora habari za watu na ardhi ya Tanzania ya kati asikimbilie rangi za kopo. Udongo wenyewe unatosha, tena umebeba mambo ambayo jicho halioni. Wekundu wa makorongo ya Kondoa ni madini ya chuma; makorongo yenyewe yalichimbwa na maji baada ya miti kukatwa na malisho kuzidiwa, hadi mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ukaanzishwa mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo hilo. Mchoro wa udongo huo una historia hiyo ndani yake.

Omba ruhusa kwa mwenye shamba, chimba kupita sentimita 30, kisha fukia shimo. Udongo wa juu una mizizi na mboji, rangi yake huoza na kunuka. Wa njano ukiukaanga kwenye chuma juu ya mkaa hugeuka mwekundu, kwa kuwa moto hufukuza maji yaliyofungwa ndani ya madini ya chuma, hivyo shimo moja linakupa rangi mbili. Mweusi wa mbugani uache: huvimba ukilowa, hupasuka ukikauka, na picha hupasuka nao.

Kilo moja itie kwenye ndoo yenye lita 10 za maji. Koroga, subiri dakika moja mchanga uzame, mimina tope kwenye ndoo ya pili kupitia kipande cha kanga kuukuu. Maji ya juu yakishatakata, yamwage taratibu, anika kilichobaki, kisage. Udongo wa sehemu zenye chumvi, kama Hombolo, uoshe mara tatu au nne, la sivyo utando mweupe utajitokeza juu ya picha iliyokwisha kukauka. Kama kazi yako inahusu chumvi hiyo, usiuoshe; acha ijitokeze yenyewe. Kwangu hiyo ni njia ya kweli kuliko kuichora kwa brashi.

Gundi ni utomvu wa mgunga. Utwange, loweka sehemu moja kwa mbili za maji moto usiku kucha, chuja. Kila vijiko vitano vya gundi vitie kijiko kimoja cha asali na tone la mafuta ya karafuu kuzuia ukungu. Hewa ya Dodoma ni kavu, bila asali rangi hukatika na kubanduka. Asali ikizidi, msimu wa mvua picha itanata na sisimizi wataifuata.

Poda na gundi viwe sawa kwa kuanzia, usage juu ya kioo kinene hadi isikwaruze. Paka kidogo, ikikauka ipanguse kwa kidole. Ikitoka vumbi, ongeza gundi. Iking'aa na kupasuka, ongeza udongo. Tumia karatasi nzito ya gramu 300 kwa mita ya mraba au plaiwudi. Kwenye turubai linalokunjwa, badala ya utomvu weka gundi nyeupe ya mbao.

Mapango ya michoro ya kale ya Kolo, huko Kondoa, yasiguswe: usichukue udongo pale, wala usimwagie michoro maji ili ionekane vizuri. Ni Urithi wa Dunia tangu 2006, na wenyeji bado hutambikia huko.

Nyuma ya picha andika kijiji, kina cha shimo na mwezi. Poda iliyobaki itie kwenye chupa kavu yenye maelezo hayohayo, maana shimo la hatua chache pembeni laweza kutoa rangi nyingine kabisa.