Nilivyofuatilia maji ya bomba mpaka nikajua yanaharibikia wapi

Watu wengi tumbo likianza kusumbua nyumbani wanalaumu moja kwa moja watu wa idara ya maji, na kuna wakati kweli tatizo linatoka kwao, lakini kwenye jengo letu nilitaka kwanza nijue maji yanachafukia sehemu gani, maana usipojua hilo utachemsha maji miaka yote na chanzo kipo palepale.

Kwa macho maji yetu yalikuwa safi kabisa, hayana rangi wala harufu. Na hapo ndo watu wanapodanganyika, vijidudu havionekani. Wakati mwingine maji yanatoka meupe kama maziwa alafu ukiyaacha kwenye glasi yanasafika kuanzia chini kwenda juu, ile ni hewa tu haina madhara, wakati maji yanayong'aa yanaweza kuwa na kinyesi ndani.

Nilianza kwa kuuliza majirani, kila mtu anayekunywa anachota bomba gani. Hii njia ni ya zamani, 1854 kule London daktari John Snow aliulizia hivyohivyo wagonjwa wa kipindupindu wanachota wapi na ikaonekana wengi wanatumia pampu moja ya Broad Street. Kwetu ikaja picha hii: mama wa chini ambaye bomba lake limeungwa moja kwa moja kwenye laini ya mtaani, kabla ya tenki, watoto wake wazima, sisi wa juu tunaotumia maji ya tenki ndo tunaumwaumwa. Nikamwambia mama naomba nipime na kwako, akasema karibu mwanangu pima popote.

Nikatafuta vile vidonge vya kupimia klorini, ile dawa ya kuua vijidudu kwenye maji, vinaitwa DPD, unaweka kwenye maji kidogo, klorini ikiwepo maji yanageuka pinki, ikiwa nyingi pinki inakolea, unalinganisha na rangi za kwenye kipimo chake. Shirika la Afya Duniani linasema maji yakifika bombani yawe bado na klorini huru, yaani ile iliyobaki ya kuua vijidudu, angalau miligramu 0.2 kwa lita. Nikapima karibu na mita, pinki nzuri. Bomba la mama wa chini, pinki. Bomba langu la jikoni, hamna kitu, maji hayakubadilika rangi. Nikapanda juu nikapima yanayoingia kwenye tenki, pinki ipo, yanayotoka chini ya tenki, hamna. Yaani klorini ilikuwa inaishia ndani ya tenki, na klorini haiishi bure, inaliwa na uchafu, na joto na kukaa muda mrefu vinaimaliza pia.

Lakini kukosa klorini peke yake hakuthibitishi kwamba kuna vijidudu kwahiyo nikapeleka maji maabara. Hapa uwe makini, chupa unapewa na maabara ikiwa imeshatakaswa na ina dawa kidogo ya kuua klorini, usiisuuze, toa kile kichujio cha mdomo wa bomba, futa bomba kwa dawa, acha maji yatiririke kidogo ndo ukinge, weka kwenye baridi na uwahishe siku hiyohiyo. Kinachotakiwa ni E. coli, bakteria wa kwenye kinyesi, isionekane kabisa kwenye mililita 100. Ya mita haikuwa nayo. Ya jikoni kwangu ilikuwa nayo.

Kikao cha wapangaji kilikuwa kigumu mwanzoni, mzee wa ghorofa ya juu alisema tenki lilioshwa na maji tunayaona masafi, sasa nikafanya kipimo mbele yao, kikombe cha mita na kikombe cha tenki, walivyoona kimoja pinki kingine hamna wakakubali wenyewe. Tukamwita fundi. Kifuniko kilikuwa na ufa, bomba la kumwagia maji yakijaa halina wavu hivyo wadudu na ndege wanaingia, na chini tope limelala na kuta zina utelezi.

Tukamwaga yote, fundi akasugua huku mwenzake amesimama nje akimwangalia maana ndani ya tenki hewa ni kidogo, tukajaza maji safi na kuweka klorini ya maji ya asilimia 5 isiyo na manukato, lita 1 kwa kila lita 1000 za maji, inayokupa kama miligramu 50 kwa lita. Kila nyumba ikafungua bomba mpaka harufu ya klorini isikike alafu ikafunga, ikalala hivyo mpaka kesho yake, kila mtu ameshaambiwa asinywe. Kisha tukamwaga yote na kusuuza. Na tafadhali klorini usichanganye na dawa za chooni zenye asidi, inatoa gesi ya sumu.

Kuna kitu fundi alikiona ambacho nakithamini sana, tenki lilikuwa kubwa kuliko matumizi yetu, maji yalikuwa yanakaa siku nyingi. Akashusha boya ili lijae kidogo na maji yabadilike haraka. Pia akaweka koki kabla ya tenki, maji yakikatika mtaani yakirudi tunamwaga kwanza yale ya mwanzo, kwasababu presha ikishuka bomba lililotoboka linavuta maji machafu ya ardhini.

Risasi nayo, ile metali yenye sumu inayoweza kutoka kwenye mabomba ya zamani, niliomba maabara waipime kwa vile jengo ni la zamani, ikaonekana iko chini ya kiwango cha miligramu 0.01 kwa lita. Hiyo kuchemsha hakuiondoi, na mji wa Flint kule Marekani iliwaumiza watu baada ya kubadili chanzo cha maji 2014 bila kuweka dawa ya kulinda mabomba.

Tulivyorudia vipimo bomba langu likatoa pinki na maabara hawakuona E. coli. Vidonge anakaa navyo yule mzee wa juu, anapima kila wiki na kuandika kwenye daftari pale ngazini. Kwake pinki bado ni hafifu, kuna kipande cha bomba hakitumiki na maji yanalala humo, kwahiyo asubuhi anaacha maji yatiririke kwanza mpaka fundi aje akikate.