Jinsi nilivyourudisha mchezo uliofikia kikomo cha usakinishaji

Baada ya fundi wa Ngamiani, hapa Tanga, kunibadilishia diski kuu ya kompyuta, mchezo nilioununua kwa fedha zangu ulikataa kufunguka, ukidai kwamba nafasi zangu 3 za kuusakinisha zimekwisha. Kompyuta ilikuwa ileile, lakini kinga ya namna hii, inayowekwa kuzuia nakala za wizi, huitambua mashine kwa vipuri vyake, hivyo ukibadilisha kipuri kikubwa unahesabiwa kuwa na kompyuta mpya. Aliyeiba nakala, nadhani, hasumbuliwi hivi.

Kuufuta na kuusakinisha upya hakukusaidia, kwa kuwa hesabu hutunzwa kwenye seva ya watengenezaji. Kilichoniokoa ni diski ya zamani, ambayo fundi alikuwa amenirudishia ikiwa imefungwa kwenye gazeti. Niliifunga tena mahali pake kwa skrubu mbili, nikawasha kompyuta, nikaunganisha intaneti ya simu, kisha ndani ya menyu ya mchezo nikachagua kuiondolea mashine hiyo, yaani kompyuta ikiwa na diski ya zamani, idhini ya kuuendesha. Nafasi moja ikarudi. Nikairejesha diski mpya, nikaandika namba ya siri iliyo nyuma ya kasha, ambayo B yake imefifia hata inasomeka kama 8, na kwa jaribio la pili mchezo ukafunguka.